Maji Yaliyotulia Juu ya Kalambo

Kundi la WhatsApp liliitwa "Tukaogelee Kalambo" na lilikuwa na watu kumi na mmoja. Alilianzisha binamu yangu, mtoto wa mjomba, baada ya kuona video ya watu waliojilaza ukingoni kabisa mwa Maporomoko ya Victoria, vichwa vikichungulia chini kama watu wanaomtafuta kuku aliyeingia kisimani. Hoja yake ilikuwa rahisi. Victoria yana mita 108. Kalambo yana zaidi ya 200, tena yako kwetu, Rukwa, kwa mama zetu. Sasa kwa nini tulipe hela nyingi kwenda kuchungulia shimo la wenzetu wakati tuna la kwetu lenye kina mara mbili?

Mimi nikakabidhiwa upangaji. Ni mwandishi wa habari, na katika familia yetu hiyo maana yake ni mtu asiye na ofisi ya kueleweka ila anajua kupiga simu. Nikaanza na mambo ya kawaida: tarehe, usafiri, malazi Sumbawanga au Matai, nani analipia mafuta. Siku ya tatu mama, ambaye huwa haandiki chochote kwenye kundi zaidi ya "Amina", akaandika hivi: "Pale ukingoni hapaogelewi. Sisi tulikuwa tukioga kule juu ya mto, maji yalipotulia."

Binamu akajibu kwa vikatuni vya kucheka. Mimi sikucheka, kwa sababu wiki hiyo hiyo nilikuwa nimeshaanza kusoma habari za Kalambo, kama ninavyosoma kabla ya safari yoyote, na nilikuwa nimegundua kwamba jambo kubwa kuliko yote yaliyowahi kutokea pale halikutokea kwenye maporomoko. Lilitokea kule kule anakosema mama.

Nikiri kwanza aibu yangu. Kalambo nililijua tangu kidato cha kwanza. Mwalimu wa historia aliandika ubaoni orodha ya maeneo ya Zama za Mawe: Olduvai, Isimila, Olorgesailie, Nsongezi, Kalambo Falls. Tukaikariri kwa wimbo. Kwenye mtihani nikaandika, nikapewa alama zangu, likizo nikarudi nyumbani kwa mama ambaye alizaliwa mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka hapo, na sikumuuliza hata swali moja. Haikunipitia kichwani kwamba Kalambo ya ubaoni na Kalambo ya hadithi za mama ni mto mmoja. Ya ubaoni ilikuwa ya Kiingereza na ya mtihani. Ya mama ilikuwa ya kufulia nguo.

Basi tuanze na mto wenyewe. Kalambo hautishi ukiutazama kwenye ramani. Unakuja kutoka nyanda za juu, unaelekea magharibi, na mwisho unamwaga maji Ziwa Tanganyika karibu na Kasanga. Kaskazini yake ni Tanzania, kusini ni Zambia. Kabla ya kufika ziwani inabidi ushuke kutoka uwanda wa juu hadi kwenye Bonde la Ufa, na sehemu kubwa ya mteremko huo unaimaliza kwa mruko mmoja. Maji yanaondoka kwenye mwamba yakiwa mkondo mwembamba, wenye upana wa mita chache tu wakati wa kiangazi, na hayagusi kitu mpaka chini. Hakuna ngazi ngazi za mwamba katikati. Ndiyo sababu Kalambo hutajwa miongoni mwa maporomoko marefu zaidi Afrika kwa mruko usiokatika.

Ni mita ngapi hasa? Hapo ndipo binamu yangu na mimi tuligombana. Kila mtu aliyewahi kupima ametoka na namba yake. Mwanzoni wageni walidhani ni zaidi ya mita 300. Mwaka 1928 ukaja msafara ulioongozwa na mwanamke, Enid Gordon-Gallien, ukapima na kuchora ramani ya eneo, na namba ikashuka hadi zaidi kidogo ya 200. Mwaka 1956 walipata mita 221. Wengine wanaandika 235. Nilimwambia binamu aandike "zaidi ya 200" kwenye bango lake la kuhamasisha watu, yeye akaandika 300. Hilo nalo ni jambo la kihistoria, nadhani: kitu kikishakuwa cha kwenu hukipunguzi mita.

Mpaka nao una hadithi yake, na hadithi hiyo inaingia moja kwa moja kwenye mipango yetu. Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani walitia saini mjini Berlin mkataba ambao wengi tunaukumbuka kwa sababu ya Zanzibar na kisiwa cha Heligoland. Ndani yake kuna sentensi ndefu inayochora mpaka wa kusini wa Afrika Mashariki ya Kijerumani: inaanzia pwani, inafuata Ruvuma, inazunguka Ziwa Nyasa, inapanda Songwe, na mwisho inafika mahali matawi mawili ya mto "Kilambo" yanapokutana, kisha inaufuata mto huo hadi Ziwa Tanganyika. Ndiyo, Kilambo. Hata jina hawakulipatia vizuri. Sidhani kama katika wale mabwana waliotia saini kulikuwa na hata mmoja aliyewahi kunywa maji ya mto huo. Miaka minane baadaye, 1898, tume ya Waingereza na Wajerumani ilipita kati ya Nyasa na Tanganyika kuweka alama za mpaka uwanjani.

Walungu walikuwa pande zote mbili, na bado wako pande zote mbili. Wanaongea Kilungu huku na kule, wanaoana huku na kule. Mto ambao kwa watu hawa ulikuwa mahali pa kukutania ukageuzwa mahali pa kutenganishia, na kwa kuwa mto ni kitu kinachoonekana vizuri kwenye karatasi, hakuna aliyeona tatizo. Bibi mzaa mama alizaliwa ng'ambo. Mama alizaliwa upande huu. Mama mkubwa, dada yake mama wa kwanza, aliolewa ng'ambo na yuko huko mpaka leo, karibu na Mbala. Anapougua mmoja, mwingine anaambiwa kwa simu. Mara ya mwisho walionana kwenye msiba, na mimi nilikuwa sijaanza darasa la kwanza.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipita hapa pia. Wajerumani walikuwa na ngome Kasanga, waliyoiita Bismarckburg, na Juni 1916 vikosi vya Waingereza viliizingira mpaka Wajerumani wakatoroka usiku kwa njia ya ziwa. Na yule Lettow-Vorbeck aliyezungushana na majeshi ya Waingereza miaka minne alikuja kusalimisha silaha Abercorn, ambayo ndiyo Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Kwa hiyo vita vile vilimalizikia jirani na kwa mama mkubwa. Haya sikuyajua kidato cha kwanza wala cha sita.

Lakini yote hayo ni ya juzi. Turudi kwenye maji yaliyotulia.

Mwaka 1953 mwanaakiolojia Mwingereza, J. Desmond Clark, alifika Kalambo. Alikuwa msimamizi wa makumbusho ya mji wa Livingstone, Rhodesia ya Kaskazini, na alikuwa Afrika tangu 1938. Mtu mwingine angesimama ukingoni, akashangaa, akapiga picha, akaondoka. Clark alivutwa na bonde dogo lililoko nyuma ya maporomoko, juu ya mto, upande ambao leo ni Zambia. Kule mto hauna haraka. Unajipinda, unazurura kati ya kingo za mchanga na tope, kama vile haujui kinachousubiri mbele. Kwenye kingo hizo, mto ulikokuwa umekata udongo, aliona zana za mawe zikichungulia. Na alipochimba, pamoja na mawe, akakuta miti.

Msomaji aliyewahi kujenga nyumba ya miti na udongo ataelewa kwa nini hilo ni ajabu. Mti haudumu. Mchwa wanaula, kuvu inaula, jua na mvua vinamalizia. Ndiyo maana tunaziita "Zama za Mawe", kana kwamba watu wale hawakugusa kitu kingine ila mawe. Jiwe ndilo lililobaki kutoa ushahidi, basi tukadhani ni shahidi pekee. Kalambo mti ulibaki kwa sababu ya jinsi bonde lilivyo. Mlango wa kutokea maji ni mwembamba. Kila mlango huo ulipobanwa, maji yalirudi nyuma, bonde likajaa, tope na mchanga vikashuka polepole na kufunika kila kilichoachwa pale. Chini ya tope lenye maji wakati wote hakuna oksijeni ya kutosha, na bila oksijeni wale walaji wa miti hawawezi kuishi. Mti ukakaa. Maporomoko yanabeba na kuvunja kila kitu. Maji yaliyotulia ndiyo yaliyotunza.

Clark alirudi kuchimba 1956, 1959 na 1963. Alipata zana za mawe za aina ya mashoka ya mkono, mabaki ya moto, vipande vya miti vyenye dalili za kuchongwa, na katika tabaka za juu zaidi vyungu vya wakulima na wafua chuma wa milenia ya kwanza. Kitabu cha kwanza cha matokeo kilitoka 1969, cha pili 1974, na cha tatu 2001. Alifariki 2002. Hesabu mwenyewe: karibu miaka hamsini kwa mto mmoja. Mimi makala ya wiki mbili inanichosha.

Nilimuuliza mama kama aliwahi kusikia habari za mzungu huyo. Yeye alikuwa mtoto mdogo wakati wa uchimbaji wa mwisho. Jina hakulijua, ila alikumbuka baba yake akisimulia kwamba kulikuwa na wazungu ng'ambo wanaochimba mchanga, na watu walijua kabisa ni dhahabu wanatafuta, mpaka walipoona wanabeba magogo yaliyooza kwa uangalifu kama mtu anayebeba mayai. "Wakasema hao wamechanganyikiwa," mama akasema. Kazi ile hakuifanya Clark peke yake, ni wazi. Kulikuwa na watu wa kushika majembe, wa kubeba udongo, wa kupika, wa kuonyesha njia. Kwenye orodha ya ubaoni shuleni hawakuwepo, na hata Clark mwenyewe hakuwepo. Kulikuwa na jina la mahali tu.

Tatizo la Clark lilikuwa umri. Njia iliyokuwepo wakati ule ya kupima mabaki ya viumbe, ile ya kaboni, inafika miaka kama elfu hamsini hivi, kisha inaishiwa pumzi. Kwa hiyo makadirio ya mwanzo yalizungumzia miaka kama 60,000, na wengi walihisi kwamba ni ya zamani zaidi bila kuwa na namna ya kuonyesha. Mti ulikuwepo, mkono wa mtu ulionekana kama upo, lakini saa haikuwepo. Na bila saa, watu wakabaki wanabishana kama ile mikato ni kazi ya mtu au ni mto tu uliokwangua.

Saa ilikuja 2019. Timu iliyoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool, pamoja na wenzao wa Zambia, ilirudi Kalambo. Safari hii hawakuupima mti. Waliupima mchanga ulioufunika. Nitaeleza kama nilivyoelewa mimi, ambaye fizikia niliiacha kidato cha pili. Punje ya mchanga ikiwa juani inakuwa kama ndoo iliyomwagwa, tupu. Ikifunikwa na kuingia gizani, mionzi hafifu iliyomo ardhini inaanza kuijaza, taratibu, mwaka hadi mwaka. Ukiichukua bila kuionyesha mwanga, ukaipeleka maabara na kuichokoza, inatoa mng'ao, na kiasi cha mng'ao kinakuambia imekaa gizani muda gani. Kwa hiyo unajua tope lile lilifunika lini, na kwa hiyo mti ulio chini yake una umri gani angalau.

Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Nature, Septemba 2023. Walikuta magogo mawili, moja limelala juu ya jingine kwa kukingama. Lile la juu, lenye urefu wa kama mita 1.4, limechongwa pengo pana upande wa chini, na pengo hilo limekalia gogo la chini ili lisiteleze. Mikato ya zana za mawe inaonekana. Umri: angalau miaka 476,000.

Soma tena hiyo namba, mimi niliisoma mara tatu. Mabaki ya zamani zaidi ya binadamu wa aina yetu, yaliyopatikana Moroko, ni ya miaka kama 300,000. Yaani waliochonga gogo la Kalambo walikuwa watu wa kabla yetu, aina nyingine ya watu, na hawakuwa wanachonga fimbo ya kuchimbia mizizi. Waliunganisha gogo na gogo. Hicho ndicho kitu cha zamani zaidi cha kujengwa kwa miti kinachojulikana duniani. Watafiti wanasema huenda ilikuwa jukwaa, au njia ya kupitia juu ya tope, au msingi wa kitu cha kukalia mahali panapojaa maji kila masika. Vitu vingine vya mti waliovikuta, kama kabari na kijiti cha kuchimbia, ni vya miaka kati ya 390,000 na 324,000.

Kuna jambo lilinigusa hapo. Tumezoea kuambiwa kwamba watu wa kale walikuwa wakitangatanga, leo hapa kesho kule, wakifuata wanyama. Sasa mtu anayetangatanga hajisumbui kuchonga kiungo cha magogo kwa jiwe. Unachonga kiungo mahali unapotarajia kurudi, au kubaki. Pale palikuwa na maji mwaka mzima, msitu wa kutoa miti, mawe ya kutengenezea zana. Ni jukwaa la watu waliopenda kukaa pembeni ya maji bila kuloa miguu. Nikamtumia mama picha ya magogo yale kwenye simu. Akaitazama muda mrefu, akaandika: "Si kama uchanja wa kuanikia vyombo?"

Sitaki kumfanya mama mwanaakiolojia, yeye mwenyewe atanicheka. Lakini nina hakika wapo maprofesa waliowaza jambo linalofanana na hilo.

Binamu yangu yeye hakuguswa. "Kwa hiyo unataka tuendeshe gari siku mbili kwenda kuangalia tope?" aliuliza. Swali la haki. Na jibu la haki ni kwamba hata tope lenyewe hutaliona la maana. Ukifika utaona mto unaojipinda, majani marefu, kingo za mchanga. Hakuna gogo la kupigia picha, magogo yalichukuliwa kwa uchunguzi. Zambia iliandikisha eneo hilo kwenye orodha ya awali ya UNESCO mwaka 2009, na huko halijapanda bado kuwa urithi kamili wa dunia. Upande wetu, maporomoko yako kwenye hifadhi inayosimamiwa na TFS, na mjomba anasema siku hizi kuna ngazi za kuteremkia bondeni, kwa hiyo mgeni wa Tanzania anapelekwa, na ni kawaida tu, kutazama maji yakianguka.

Nami sisemi yasitazamwe. Wakati wa kiangazi kongoti, wale ndege wakubwa wenye upara wanaoonekana kama makarani wastaafu, wanataga kwenye miamba ya korongo lile, na kuwaona wakielea chini yako badala ya juu yako ni kitu ambacho mama hukisimulia mpaka leo. Wazee wa Kilungu walikuwa na heshima maalumu kwa mahali kama pale. Maporomoko, majabali, miti mikubwa, vyote viliweza kuwa makao ya ngulu, pepo wa mahali. Ukipita penye ngulu hupayuki. Mama alilelewa Mkristo na haongei sana habari hizo, ila nilipomuuliza kwa nini watoto hawakuoga karibu na ukingo, alinipa sababu mbili kwa mpigo mmoja bila kuona kwamba ni mbili: "Kulikuwa na wenyewe, na mawe yanateleza."

Kuhusu hilo la mawe, nililazimika kuandika ujumbe mrefu kwenye kundi. Lile dimbwi la Victoria ambalo binamu aliliona kwenye video lina ukuta wa mwamba chini ya maji unaomzuia mtu asisombwe, na hata hivyo watu wanaingia miezi ya maji machache tu, wakiwa na waongozaji. Kalambo sijasikia ukuta wa namna hiyo, na sitaki mtoto wa mjomba awe mtafiti wa kwanza. Atakayetaka kuogelea, tukitoka pale tunashuka Kasanga, ziwani, tuulize wenyeji wapi pana usalama wa mamba na kichocho, kisha kila mtu aoge mpaka achoke. Ncha hii ya kusini ya ziwa ndiyo Livingstone aliyoifikia 1867, wenyeji wakamwambia inaitwa Liemba, naye kwa muda akadhani ni ziwa jingine kabisa. Jina hilo ndilo lililopewa ile meli ya Wajerumani iliyozamishwa kwenye vita na kuibuliwa tena, MV Liemba. Nilidhani historia hiyo ingemlainisha binamu. Alijibu: "Sawa, ila tuogelee kweli."

Basi mpango ukaanza kukaa sawa. Msimu: Juni. Mvua za Rukwa zinakuwa zimekwisha, mto bado una maji ya kuonekana, na kongoti huenda wakawa wameanza. Ukienda Oktoba mkondo umekonda, ukienda Februari maji ni ya kutisha lakini barabara ndogo za vijijini ni za kutisha zaidi. Njia: Dar, Iringa, Mbeya, Tunduma, Sumbawanga, kisha barabara ya Matai na Kasanga, ile ya kilomita 112, na kuchepuka kuelekea kijiji cha Kapozwa. Iringa nimeomba nusu saa ya kusimama Isimila, kwa kuwa lipo jirani tu na barabara ya Mbeya, nipate kulifuta na hilo kwenye orodha ya ubaoni. Nimepewa dakika ishirini.

Halafu, wiki tatu zilizopita, mama akanipigia simu usiku. Hakuandika kwenye kundi. Akauliza kama kutoka kwenye ukingo wa upande wetu mtu anaweza kumwona aliyesimama ukingo wa pili. Nikasema nadhani anaweza, korongo si pana sana pale juu, ila kuongea haitawezekana kwa kelele za maji. Akanyamaza. Kisha akasema, "Dada anasema anaweza kuletwa na mjukuu wake mpaka pale upande wao. Tutapungiana mikono."

Sikumjibu hapo hapo. Nilikuwa nimepanga safari ya watu kumi na mmoja kwa siku sita, mafuta, chakula, hata mahema, nimesoma mkataba wa 1890 mpaka kwenye mto Kilambo, nimesoma habari za mchanga unaong'aa gizani, na haikunipitia kichwani kwamba mama yangu alikubali safari hii kwa ajili ya kumpungia mkono dada yake kutoka upande wa pili wa shimo la mita mia mbili.

Kesho yake nikaanza kupiga simu. Kuna kituo cha mpakani Kasesya, kwenye barabara ya kutoka Matai kwenda Mbala. Nani ana pasi ya kusafiria na nani hana, gari linahitaji karatasi gani, mama anahitaji nini. Mama hana pasi ya kusafiria. Alizaliwa akivuka mto ule kiangazi, maji yakiwa ya magoti, kwenda kulala kwa bibi yake, na sasa inabidi apeleke cheti cha kuzaliwa ambacho hakuwahi kupewa ili athibitishe kwamba alizaliwa. Tumeanza taratibu. Afisa niliyeongea naye alikuwa mpole, akaniambia inawezekana kabla ya Juni tukiwahi, na mimi nimewahi.

Kundi limegawanyika mawili. Binamu na wenzake watano watabaki upande huu: ngazi, picha, kisha Kasanga. Sisi watano tutazunguka kwa Kasesya. Mbala tutalala usiku mmoja, asubuhi tupite Makumbusho ya Moto Moto, halafu mjukuu wa mama mkubwa atuongoze mpaka juu ya mto, kwenye bonde lile. Anasema njia ya miguu ipo na bibi yake bado anaijua. Mama ana goti bovu, kwa hiyo nimehesabu saa mbili zaidi ya zile alizotaja yeye. Nimeuliza pia kama maji ya pale bado ni ya kuoga, nikaambiwa nisiulize maswali ya Dar es Salaam, nije nione.

Jana mama mkubwa mwenyewe alituma ujumbe wa sauti. Nusu ni Kilungu, nusu Kibemba, na Kiswahili kidogo cha kunihurumia mimi. Nilimpelekea mama anitafsirie. Akausikiliza, akarudia kuusikiliza, akanirudishia simu.

"Anasema nini?"

"Anasema nije na viatu visivyoteleza. Mwaka ule nilianguka nikavunja mtungi wa bibi."